Pimeni Dirisha kwa Mkeka

Maneno haya niliyasema Tororo, mashariki mwa Uganda, mbele ya mafundi wa ujenzi na wanafunzi wa ufundi, chini ya hema, mvua ikitutisha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu pale nilipopotea njia.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na sufuria, hamjambo. Poleni na jua la asubuhi.

Aliyenialika aliniuliza kama nitazungumza Kiingereza, maana kuna wageni. Nikamwambia mimi nimezaliwa kota za reli, hapa hapa Tororo. Baba Msamia, mama Mteso, jirani wa kulia Mluo, wa kushoto Mnubi. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Nikianza Kiingereza hapa, wazee wa reli walioko mstari wa mbele watanicheka mpaka kesho.

Chumba chetu kwenye kota kilikuwa kimoja, na dirisha lake moja, la ubao, juu karibu na mabati. Mama hakulifikia kwa macho hata akisimama. Mimi nilikuwa na njia: sanduku la chuma la baba lilikaa chini yake, nami nilipanda pale juu, nikashika kingo kwa mikono miwili, nikaona nusu ya Mwamba wa Tororo. Nusu ya juu tu. Ilinitosha, kwa sababu mvua ya kwetu nilikuwa naiona inakuja kupitia pale. Mwamba unaanza kufifia, unakuwa kama umepakwa jivu, halafu haupo. Hapo napiga kelele, "Mama, mwamba umepotea!" Na mama anakimbia kuanua nguo kabla tone la kwanza halijaanguka. Majirani walidhani mama ana uganga.

Naanza na kisa hiki kwa sababu nimechora nyumba kwa muda mrefu sasa, na kila nikikaa kuchora dirisha namwona yule mtoto juu ya sanduku. Mwenye nyumba ni mama. Mwenye nguo kambani ni mama. Lakini ili ajue nje kuna nini, ilibidi aazime macho ya mtoto. Aliyejenga zile kota hakuwa mtu mbaya. Alitaka hewa iingie na mwizi asiingie, basi. Hakujiuliza kamwe aliyeko ndani ataona nini.

Tuangalie hili neno lenyewe. Waswahili wa pwani wanasema dirisha, na neno hilo lilitoka kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya mlango mdogo. Halafu Waganda wanasema eddirisa. Hilo ni dirisha letu, limevaa kanzu ya Kiganda tu! Lilipanda bara pamoja na wafanyabiashara wa pwani walioanza kufika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1840, na wenzao wa baadaye, wenye maduka, sabuni na vitabu. Mlango Waganda wana neno lao la asili, oluggi. Dirisha waliazima. Na mtu haazimi neno la kitu ambacho tayari anacho nyumbani.

Je, walikuwa gizani? Nendeni Kasubi, pale Kampala, mkaone. Jumba lile lilijengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, likawa kaburi lake mwaka 1884. Ni duara kubwa, nyasi zake zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na mlango ni upinde mpana mbele. Lilipoungua Machi 2010, watu walilia barabarani kama wamefiwa upya. Jumba la kifalme, fahari ya nchi, na dirisha hakuna hata moja. Mimi sioni upungufu wowote pale. Maisha yalikuwa uani. Watu walipika nje, walisuka nje, kesi zilisikilizwa chini ya mti, watoto walichezea nje mpaka giza. Nyumba ilikuwa ya kulala, ya kujificha mvua, na ya siri. Anayeshinda nje ana haja gani na tundu la kuchungulia nje?

Dirisha linakuwa jambo zito pale tunapohamishia maisha ndani. Na sisi tumehamia. Hesabuni saa zenu: darasani, ofisini, kwenye meza ya kushonea, wodini, mbele ya televisheni. Tumeingia ndani na kufunga mlango, halafu tukajenga madirisha kana kwamba bado tunashinda uani.

Sasa niwape mfano wa basi. Mnaosafiri kwenda Kampala mnaijua Namawojjolo. Ukishapita msitu wa Mabira, ukapita Lugazi, basi halijasimama vizuri na vijana wameshalizingira, mishikaki juu, gonja, zile ndizi za kuchoma, juu, maji juu, paja la kuku linakupita puani. Biashara yote ile inafanyika dirishani. Unavuta kioo, unabishana bei, unapokea chenji basi likiwa linaondoka. Mimi mwaka jana nilipanda basi zuri lenye kiyoyozi, madirisha yake ni vioo vizima visivyofunguka. Tulipofika Namawojjolo vijana wakaja kama kawaida, wakatuonyesha gonja kupitia kioo. Tukatazamana. Kijana mmoja alinigongea kioo kwa kijiti cha mshikaki, akaona siwezi kitu, akacheka, akaondoka. Nilimwona vizuri kuliko kwenye basi lolote bovu, kwa sababu kioo kilikuwa kipana na safi. Lakini harufu sikupata, sauti sikusikia, na njaa nilifika nayo Kampala.

Yale maghorofa ya vioo mnayoyasifu Kampala, mengi ni basi lile.

Na hapa lazima niseme habari ya jua, maana wanafunzi wengine mnanakili picha za Dubai. Sisi tumekaa karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Kayabwe, barabara ya Masaka, pale watu wanapopiga picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Kwa hiyo jua letu la mchana liko juu sana mwaka mzima. Mwezi wa tatu na wa tisa linapita utosini. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini, na hata likiegemea mno, saa sita mchana bado liko kama nyuzi 66 kutoka ardhini. Fundi, maana yake nini? Maana yake dirisha linalotazama kaskazini au kusini ni rahisi kulikinga. Kama dirisha lina kimo cha mita 1.2, weka kibaraza cha zege au ukingo wa paa utokeze sentimita 55 juu yake tu, na jua la saa sita mchana halitaligusa mwaka mzima. Sentimita 55! Hiyo ni bei ya mifuko michache ya saruji.

Lakini dirisha la magharibi, hilo halina dawa rahisi. Saa kumi na moja jioni jua limeshashuka, linapita chini ya paa lako, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kochi. Mwanga wake unapita kwenye kioo bila shida, unapasha sakafu na meza moto, kisha lile joto linaloanza kutoka kwenye sakafu na meza halipiti tena kwenye kioo kirahisi. Limenaswa. Basi mwenye nyumba ananunua pazia zito, analifunga saa nane, anawasha taa mchana. Umemuuzia dirisha la milioni kadhaa, naye amelizima kwa kitambaa. Na nje ya hapo mchana wa Kampala mara nyingi ni nyuzi 27 au 28, hali ya hewa ambayo wenzetu wengine duniani wanapanda ndege kuifuata, wakati mtu wetu yuko ndani na kiyoyozi akilipia umeme.

Kama kiwanja kinakulazimisha magharibi, panda mti. Sitanii. Au weka luva, vile vibao vya kukinga jua, za kusimama wima.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimesema ya wengine vya kutosha.

Miaka kadhaa iliyopita nilichora wodi ya wanawake ya kituo kimoja cha afya. Sitakitaja, kosa halikuwa lao. Nilikuwa nafikiri habari ya faragha: wanawake wamelala, njia ya miguu inapita nje, watu wasichungulie. Nikaweka kingo za chini za madirisha kwenye mita 1.5. Ramani ilipendeza. Mwanga ulitosha, hewa ilipita, ukaguzi tulipita. Nililipwa, nikasahau.

Halafu mama yangu akalazwa mle mle. Dada alikaa naye usiku, mimi nikashika zamu ya mchana. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa kitandani, mwenye kumuuguza kwenye mkeka sakafuni. Nikatandika mkeka wangu, nikaegemeza mgongo ukutani. Nikaangalia madirisha niliyoyachora kwa mkono wangu. Kutoka pale niliona dari, niliona waya wa taa, na kwenye dirisha niliona kipande cha mbingu, cheupe, hakina hata wingu la kukipa sura.

Siku ya sita mama akageuza kichwa akaniuliza, "Baba, ile ni mvua au ni upepo kwenye miti?"

Ilibidi niinuke. Nikasimama, nikatazama. "Ni upepo, mama. Kwenye mwembe."

Akanyamaza kidogo. "Kuna mwembe?"

Ulikuwa hatua nne kutoka kitandani kwake. Mkubwa, umezaa, watoto wa wauguzi wanaurushia mawe. Siku sita mama amelala kando ya mwembe na hakujua. Yule aliyekuwa akinituma kuangalia mwamba, nimemjengea tena dirisha la kuazima macho.

Jioni ile nilichukua utepe wangu wa kupimia, watu wakidhani nimechanganyikiwa kwa uchovu. Nikapima jicho la mtu mzima aliyeketi kwenye mkeka: sentimita 75 hivi kutoka sakafuni. Nikapima jicho la aliyelala kitandani, kichwa kwenye mto: karibu pale pale. Aliyeketi kwenye kiti, kama mita 1.2. Halafu jiulizeni, sisi tunaweka kingo za chini wapi? Kozi tano, yaani mistari mitano ya bloku, mita moja, bila kuuliza. Dawati la ofisi ndilo lililotuamulia, ili meza ipite chini ya dirisha. Bibi anayechambua maharagwe kwenye mkeka, mtoto anayetambaa, mgonjwa, mama anayenyonyesha, wote hao tumewapa ukuta.

Nisingependa mdhani ni hisia za mtoto kwa mama yake tu. Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981, akawalinganisha wawili wawili, umri na hali zikifanana. Tofauti yao ilikuwa dirisha. Nusu walitazama miti, nusu walitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walikaa baada ya upasuaji wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa 46 si wengi, nami si daktari. Lakini mti hauna gharama, ulikuwepo kabla ya jengo. Kazi yetu ni kutouzibia.

Wapo walioelewa. Pale Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, iliyochorwa na msanifu majengo Renzo Piano na wenzake, ikafunguliwa 2021. Kuta zake ni udongo wa pale pale, umeshindiliwa, mnene. Kule ndani vioo vipana vinatazama bustani, na ziwa liko karibu. Watu wanauliza sana habari ya zile paneli za jua kwenye paa. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waanze kwa kuangalia mtoto aliyelala anaona nini.

Narudi kwenye wodi yangu. Mama aliruhusiwa, nikaenda kwa nesi mkuu nikamwomba ruhusa nibomoe. Akaniuliza swali la haki: "Na wapita njia?"

Jibu nililipata pwani. Mkienda Mji Mkongwe wa Zanzibar, tazameni roshani za juu zenye mbao za kimia, vijiti vimepishana. Mwanamke aliyeketi ndani anaona mtaa mzima, nani kapita, nani kanunua samaki, na wa mtaani haoni kitu. Hakuna uchawi: mchana ndani ni kweusi kuliko nje, na jicho la aliye kwenye mwanga mkali haliwezi kupenya matundu madogo kuingia gizani. Usiku mambo yanageuka, ukiwasha taa wewe ndiye unayeonekana, hivyo pazia lazima. Basi tukashusha madirisha manne mpaka sentimita 60, na sehemu ya chini tukaweka milango midogo ya luva za mbao, ya kufungua na kufunga. Na mafundi mnielewe hapa: kushusha dirisha ni rahisi kuliko kulipanua. Unakata ukuta ulio chini yake, lenta, ule mhimili wa juu ya dirisha, haiguswi. Kazi ya siku tatu, pamoja na plasta.

Mama alipoambiwa alisema, "Yaani umesubiri nitoke ndio ujenge dirisha." Ana haki.

Dirisha lina jicho na lina pua. Ya jicho nimesema, ya pua nitasema haraka. Huko Lima, Peru, watafiti walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8, wakichapisha matokeo mwaka 2007, kwa sababu ya kifua kikuu. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vya mashine za kuingiza hewa, mara 12. Na wodi za zamani, za kabla ya 1950, zenye dari ya juu na madirisha makubwa, zilizishinda zile mpya. Tororo hapa tunazo wodi za namna hiyo, na kila zikikarabatiwa naona madirisha yanazibwa nusu ili kuweka vioo vya kusukuma, ambavyo upande mmoja haufunguki kamwe! Umelipia dirisha zima, umepata hewa ya nusu. Na dirisha moja peke yake halipitishi upepo, linapumua tu. Upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea.

"Mbu je?" Nimesikia huko nyuma. Weka wavu, na uuweke vizuri. Lakini ujue pia kwamba mbu wa malaria hupenda zaidi kupenya pale ukuta unapokutana na paa, pale unapoacha upenyo chini ya mabati. Ziba pale kwa wavu kwanza kabla hujamnyima bibi dirisha.

La mwisho halinifurahishi kulisema, lakini mbele yangu wapo mafundi wa vyuma. Baglapruf, vile vyuma vya madirishani vya kuzuia wezi. Nchi hii imezika watoto waliokufa kwa moto ndani ya mabweni, milango imefungwa, madirisha yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Sijui mzazi anayaelezaje. Nakuombeni, kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo vyuma vyake vina bawaba, vinafunguka kwa kusukuma kutoka ndani, na komeo mtoto wa miaka saba analiweza gizani. Bawaba mbili na komeo. Mteja akisema ni gharama, mkatie kwenye marumaru za sebuleni. Na kwenye ghorofa, mkishusha kingo kama ninavyowashawishi leo, wekeni kizuizi mtoto asidondoke. Naona mwalimu wenu anatikisa kichwa, basi nimesema.

Nimeambiwa nyuma ya hema hili kuna darasa jipya linajengwa, la watoto wadogo, na ukuta umefika kozi ya tatu. Msimamizi wake ni huyu bwana mwenye kofia ya njano, anayejaribu kunikwepa macho. Kesho asubuhi wanapandisha kozi ya nne na ya tano. Watoto wa darasa lile watakaa chini, kwenye mikeka, nimeshauliza. Na upande ule wa dirisha, kama sijakosea, ndiko uliko mwamba.

Utepe ninao mfukoni, mkeka uko ndani ya gari. Mvua haijaanza. Bwana msimamizi, tangulia.